Nishani hazimo kwenye DD 214 ya mstaafu: tulivyozirudisha, na pale tulipopigwa

Kaka yangu alistaafu jeshi la nchi kavu la Marekani baada ya miaka 22. Siku ya kutoka aliwekewa rundo la karatasi mezani akasaini zote kama mtu anayewahi basi la mwisho. DD 214, karatasi ya muhtasari wa utumishi anayopewa anayetoka jeshini, ilikuwa humohumo. Mwaka uliofuata alikwenda kwa fundi anayetengeneza masanduku ya kioo ya kupangia nishani, na fundi akamwambia, "Mimi napanga kilichoandikwa kisanduku cha 13, basi."

Tukasoma kisanduku cha 13 cha DD 214, kile kinachoorodhesha nishani, kwa mara ya kwanza. Nishani ya kampeni ya Afghanistan haimo. Army Commendation Medal moja, nishani ya pongezi ya jeshi, haimo. Na ile ya mwenendo mwema, ambayo kwenye fomu inaitwa Good Conduct Medal, imeandikwa mara ya tano wakati yeye anazo saba. Kuzirudisha kulituchukua miezi kumi na minne, na zaidi ya nusu ya muda huo tuliupoteza wenyewe.

Kwanza jueni nani anaomba. Mstaafu akiwa hai, anayesaini ni yeye. Mimi nilijaza kila kitu lakini nilikuwa karani tu. Akiwa amefariki, huomba mwenzi wake ambaye hajafunga ndoa nyingine, mzazi, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye, na cheti cha kifo kinaambatanishwa.

Tafuta faili zima, na usimlipe mtu

DD 214 ni muhtasari. Unachokihitaji ni faili lote la utumishi, OMPF, kwa sababu ndani yake ndimo zilimo amri, mapendekezo ya nishani na tathmini za kazi. Kwa jeshi la nchi kavu, faili la aliyetoka kabla ya Oktoba 2002 tafuta NPRC, kituo cha kumbukumbu kilichopo St. Louis, Missouri, kwa fomu SF 180 au kwa mtandao kupitia eVetRecs. La aliyetoka baada ya hapo ni la kielektroniki na liko chini ya HRC, kamandi ya jeshi inayoshughulikia utumishi, Fort Knox, Kentucky. Mstaafu anaweza pia kuliomba kupitia tovuti ya milConnect.

Ni bure. Sisi tulilipa dola 89 kwa tovuti moja yenye bendera kubwa na picha ya tai, iliyoahidi "kuharakisha". Walichofanya ni kutujazia SF 180 ileile, wakakosea mwaka wa kuzaliwa, wakaituma. Jibu likaja kwamba hakuna kumbukumbu za mtu huyo. Miaka 22 jeshini, kumbe hakuzaliwa! Ada ya kweli ipo pale tu faili linapokuwa la kihistoria, yaani miaka 62 tangu askari aondoke jeshini: dola 25 kwa kurasa tano au pungufu, dola 70 kwa kurasa sita na kuendelea.

Mkiomba, andikeni waziwazi kwamba mnataka faili lote. Mara ya pili tuliandika "DD 214 na nishani", tukaletewa DD 214 ileile yenye kasoro, nakala safi kabisa.

Kila nishani ina ushahidi wake

Sisi tulizichanganya nishani zote kwenye barua moja ya malalamiko. Kosa kubwa. Mtu anayeisoma hana shida na ushujaa wa Kaka. Anatafuta karatasi inayomruhusu kuandika mstari mmoja, na kila aina ya nishani ina karatasi yake.

Zipo unazopata kwa kuwepo mahali. Nishani ya kampeni ya Afghanistan ilitaka siku 30 mfululizo nchini humo au siku 60 za vipindi tofauti. Hapo hakuna pendekezo la mtu yeyote, kuna kuthibitisha kwamba ulikuwepo: amri ya kupelekwa vitani, madai ya fedha za safari, karatasi za mshahara zinazoonyesha malipo ya eneo la hatari, au tathmini ya kazi inayotaja mahali na tarehe. Tulichoshinda nacho ni tathmini. Kamanda aliyeisifu kazi yake ya kupanga misafara ya magari alikuwa ametaja jina la kambi na miezi, wala hakujua anatuandikia ushahidi.

Halafu kuna nyota zinazobandikwa kwenye utepe, moja kwa kila awamu ya kampeni. Kaka alikuwa Afghanistan kuanzia Machi 2009 hadi Februari 2010. Tuliomba nyota moja. Mzee mmoja wa chama cha wastaafu akapiga mstari kwenye barua yetu kwa kalamu nyekundu: awamu ya Consolidation II iliisha tarehe 30 Novemba 2009, na Consolidation III ikaanza kesho yake. Nyota mbili. Linganisheni tarehe zenu na orodha ya awamu kabla ya kuandika lolote.

Good Conduct Medal hupatikana kwa kila miaka mitatu ya utumishi, lakini mara zote kwa amri ya kamanda. Haiji yenyewe kwa kuhesabu miaka. Amri ya mara ya sita na ya saba zilikuwa ndani ya faili la Kaka, zimelala tu.

Zile za kupendekezwa ndizo zenye kazi: Army Commendation Medal, Meritorious Service Medal, Bronze Star na wenzake. Hizi huanzia kwenye fomu DA 638, mkubwa mwenye mamlaka anaidhinisha, na inatolewa amri ya kudumu yenye namba na tarehe. Namba hiyo ndiyo roho ya ombi lote. Sisi tulituma picha ya Kaka akivishwa nishani na kanali, bendera nyuma, watu wanapiga makofi. Mhudumu wa ofisi tuliyoipigia simu alikuwa mpole sana: "Picha nzuri. Amri namba ngapi?"

Namba iliyokuwa chini ya fremu

DA 638 haikuwemo kwenye faili. Kikosi kilichomtunuku kilishabadilisha makamanda mara kadhaa, na karani tuliyempata alituambia karatasi za mwaka ule "zilihamishwa". Hakusema wapi. Tuliandika barua tatu, tukatafuta makamanda wa zamani, mmoja akajibu kwa salamu ndefu na kumbukumbu fupi.

Cheti chenyewe kilikuwa sebuleni kwa Mama, nyumbani, ndani ya fremu ya dhahabu. Tulikuwa tunatumia picha yake iliyopigwa kwa simu, na ofisi ikawa inasema haina namba ya amri. Miezi mitano tukiamini kwamba cheti hakina namba. Siku moja yule mzee wa kalamu nyekundu akauliza, "Mmeitoa kwenye fremu?" Kwenye vyeti hivi namba ya amri, kikosi na tarehe huchapwa chini kabisa kwa herufi ndogo, na ukingo wa fremu ulikuwa umekalia mstari mzima.

Kumshawishi Mama afungue ile fremu kulichukua siku nne. "Mnataka kuivunja heshima ya mwanangu?" Hatimaye binamu akaifungua kwa bisibisi huku Mama amesimama pembeni kama mlinzi. Namba ilikuwepo, inasomeka vizuri.

Basi toeni vyeti kwenye fremu. Vipigwe skani kingo zote nne, mbele na nyuma.

Bahasha inayosomeka

Kwa aliyetoka baada ya Oktoba 2002, ombi huenda HRC. Sisi bahasha ya kwanza tuliituma kwa ofisi isiyohusika kabisa, kwa kufuata ushauri wa mtu aliyestaafu zamani.

Barua iwe ukurasa mmoja. Andikeni kisanduku cha 13 kinavyosomeka sasa, kisha kinavyotakiwa kusomeka, na pembeni ya kila nishani mtaje kiambatisho kinachoithibitisha. Hadithi ya vita iacheni. Ambatanisheni DD 214 ile ndefu, Member-4, na nakala za ushahidi, kamwe si karatasi halisi. Mstaafu asaini kwa kalamu na kuweka tarehe. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa sita na haikuwa na tarehe.

Mkikubaliwa, msitarajie DD 214 mpya. Huja karatasi nyingine, DD 215, inayosema kisanduku fulani kiongezwe hiki na kile. Kaka aliiona akadhani wamekosea tena. Ndiyo yenyewe. Kuanzia hapo karatasi hizo mbili hutembea pamoja, maana DD 214 ikienda peke yake inabaki na kasoro yake ya zamani.

Wakikataa

Juu yao kuna bodi ya marekebisho ya kumbukumbu za jeshi, ABCMR, na mlango wake ni fomu DD 149. Bodi inataka uwe umemaliza njia za kawaida kwanza. Kaka kwa hasira alituma DD 149 mapema kabla ya kumaliza njia hizo, nayo ikarudi na barua fupi yenye adabu. Miezi minne ikaenda hivyo.

Muda wa kuomba ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Ukipita, bodi inaweza kusamehe kwa ajili ya haki, kwa hiyo elezeni ni lini na vipi mligundua. Sheria inaitaka imalize maombi tisa kati ya kumi ndani ya miezi 10, na lolote lisizidi miezi 18. Wakili si lazima. Maofisa wa masuala ya wanajeshi wa zamani walioko kwenye kaunti husaidia bila malipo, na wengi wameziona fomu hizi kuliko sisi tulivyoona sahani.

Nishani ambayo haikuwahi kupendekezwa kabisa ni habari nyingine. Kwa kawaida pendekezo hutakiwa liingizwe ndani ya miaka miwili tangu tukio. Muda ukiwa umepita, njia ni kupitia mbunge wa Congress au seneta wenu, chini ya kifungu cha 1130 cha sheria za majeshi. Tafuteni DA 638 iliyojazwa na mtu aliyekuwa na mamlaka wakati ule, na watu walioona kwa macho yao.

Kwa wenye wazee

Julai 1973 kituo cha St. Louis kiliungua, na mafaili ya kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Takriban asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu waliotoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yalikwenda na moto ule. Mkiambiwa faili la babu halipo, si lazima iwe uzembe. Leteni karatasi zozote za nyumbani ili lijengwe upya. Na kama alipata Combat Infantryman Badge, beji ya askari wa miguu aliyepigana, katika Vita Kuu ya Pili, ulizieni Bronze Star, maana anaistahili kwa beji hiyo. Aliyekuwa Vietnam aangalie kama ana Gallantry Cross ya kikosi, tuzo ya Vietnam Kusini. Jeshi liliitangaza kwa vikosi vyake vyote vilivyotumika kule kwa amri ya jumla namba 8 ya mwaka 1974, na wengi walishatoka jeshini kabla haijaandikwa.

Nishani zenyewe, zile za chuma, haziji na DD 215. Huombwa upya kupitia NPRC kwa SF 180, na kwa mstaafu hutolewa bure. Za Kaka bado hazijafika. Mama ameshanunua fremu ya pili.