Damu ya mbuzi, magadi na chokaa: somo la damu inavyobeba hewa

Kwa miaka mingi niliwafundisha darasa la sita kwamba damu ni lori: inapakia oksijeni mapafuni, inaishusha mwilini, inarudi na kabonidayoksaidi. Walikariri, wakapata alama. Halafu mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, nani anashusha mzigo?" Sikuwa na jibu la kumtosha. Lori lina makuli, damu haina. Somo hili nimelijenga kwa ajili ya swali lile, na kila mwaka ninalifundisha hapa Muheza kwa vitu vinavyopatikana sokoni.

Anza jana yake na chokaa. Nunua chokaa ya kupaka ukuta, iwe ya mfuko uliofunguliwa karibuni, kwa sababu iliyokaa wazi muda mrefu imeshakutana na hewa na haifai. Vijiko viwili katika lita moja ya maji, tikisa, acha usiku kucha itulie. Asubuhi mimina polepole yale maji maangavu ya juu na uyazibe vizuri.

Damu ifuate alfajiri, machinjioni, kwa ruhusa, ya mbuzi ambaye mkaguzi wa nyama amempitisha. Hapa ndipo walimu wengi hukwama: damu inaganda kabla hujafika shuleni. Ikoroge palepale ikiwa bado ya moto, kwa kijiti chenye vitawi, dakika tano hadi kumi bila kupumzika. Utaona nyuzinyuzi zimejisokota kwenye vitawi. Hizo ndizo ambazo zingeigandisha. Wamasai wanaijua kazi hii tangu zamani. Chuja, jaza nusu ya chupa mbili za maji za nusu lita, ziba, weka kwenye ndoo yenye barafu na uitumie asubuhi hiyohiyo.

Wengi wa wanafunzi wangu ni Waislamu, na damu kwao ni najisi. Kwa hiyo ninayeishika ni mimi peke yangu, kwa glavu, na chupa zinazopita mbele yao zimefungwa. Anayetaka kukaa mbali akae mbali. Hata pasingekuwa na suala la dini, mtoto hapaswi kugusa damu mbichi.

Sasa onyesho. Zungusha chupa zote mbili taratibu, ukizifungua mara kwa mara ziingie hewa mpya. Usitikise kwa nguvu, itakuwa povu tupu. Zikishang'aa kama pilipili hoho nyekundu, iweke moja kando iwe ya kulinganishia. Katika chupa tupu weka kijiko kikubwa cha magadi yaliyosagwa, mimina siki nusu kikombe, na gesi inayotoka ielekeze kwa mpira wa dripu hadi juu ya damu ya chupa ya pili. Gesi hiyo ni kabonidayoksaidi, nzito kuliko hewa, itatulia humo. Ziba, zungusha, ongeza gesi, zungusha tena. Damu inaiva, inakuwa nyekundu ya giza, karibu na rangi ya zambarau. Ziweke chupa mbili mbele ya karatasi nyeupe dirishani, na unyamaze. Waache waone wenyewe. Kisha fungua ile ya giza, iingize hewa safi, zungusha mara kadhaa: inarudi kung'aa.

Baada ya hapo ndipo ninapoeleza. Ndani ya chembe nyekundu kuna himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na kila himoglobini ina vituo vinne vya madini ya chuma, kila kimoja kikishika molekuli moja ya oksijeni. Mililita 100 za damu yenye afya hubeba kama mililita 20 za oksijeni. Ambayo ingeyeyuka tu kwenye majimaji bila himoglobini haifiki hata nusu mililita. Mapafuni oksijeni ni nyingi, hivyo vituo vinajaa. Kwenye msuli ni chache, hivyo vinaachia. Lakini si hivyo tu, na hapa ndipo jibu la yule msichana lilipo: msuli unaofanya kazi hutoa kabonidayoksaidi, na kabonidayoksaidi ikiingia kwenye damu huifanya iwe na uasidi kidogo. Uasidi huo, pamoja na joto la msuli, hulegeza mshiko wa himoglobini. Anayeagiza mzigo ushushwe ni msuli wenyewe, kwa taka zake. Mwanasayansi Christian Bohr na wenzake kule Denmaki waliliandika jambo hili mwaka 1904.

Kuwa mwangalifu na kosa moja. Watoto watasema kabonidayoksaidi imekaa kwenye kiti cha oksijeni. Hapana. Sehemu ndogo yake hushikwa na himoglobini, lakini kwenye protini, si kwenye chuma. Sehemu kubwa, kama asilimia 70, husafiri ikiwa imegeuzwa kuwa bikaboneti. Nyanyua kipande cha magadi uwaambie: bikaboneti imo humu, kwenye haya haya mama anayoyatia kwenye kunde. Ilipokutana na siki ilichemka ikatoa gesi. Mapafuni hufanyika jambo la namna hiyo: himoglobini ikipokea oksijeni huachia chembe za asidi, zinakutana na bikaboneti, gesi inatoka na pumzi.

Kinachoshika kiti chenyewe ni gesi nyingine, monoksaidi ya kaboni, inayotoka kwenye jiko la mkaa. Hushika chuma kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hubaki iking'aa huku mtu anakufa. Hili ninalisema polepole, narudia: jiko la mkaa halilali chumbani na watu.

Chokaa sasa. Mtoto mmoja apulize kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, asinyonye kamwe. Yataanza kuwa kama maziwa mara moja. Kwenye glasi nyingine sukuma hewa kwa pampu ya baiskeli; mtachoka kusubiri, kwani hewa ya nje ina asilimia 0.04 tu ya kabonidayoksaidi na ya pumzi ina kama 4. Yule mpulizaji akimbie uwanja mara mbili, apulize tena kwenye maji mapya.

Vena za bluu kwenye picha za vitabu huwa nazirudia mwisho. Mtu akiwa amepumzika, damu inayorudi moyoni bado ina robo tatu ya oksijeni yake. Ni nyekundu ya giza, kama chupa ya pili. Swali ninalowapa waende nalo nyumbani ni hili: mtu anakimbia, mguu mmoja umechoka kuliko mwingine, mguu upi utashushiwa oksijeni nyingi zaidi, na nani kaagiza?