Liva ya gia inatatarika kwenye MX-5 ya zamani? Anzia hapa kabla hujashusha giaboksi

Gari ndogo ya michezo ikianza kupiga "tatatata" kwenye liva ya gia, mafundi wengi hapa Malindi hukimbilia kusema giaboksi imekwisha. Mara nyingi haijaisha. Hapa nazungumzia Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya 1989 hadi 1997 yenye taa za kuinuka, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Huwezi tena kuagiza gari la umri huo kwa sababu Kenya ina kikomo cha miaka minane kwa magari yanayoingizwa, kwa hiyo zilizobaki Pwani ziliingia zamani, na mipira yake imeshakula joto na chumvi kweli kweli.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba liva ya gari hii haipitii nyaya wala vyuma virefu. Imekaa moja kwa moja juu ya mkia wa giaboksi. Ncha yake ya chini imevikwa kibushi, yaani kipete kidogo cha nailoni, kinachozama kwenye kisima kidogo chenye oili yake, mbali na oili ya giaboksi. Kibushi kikilika, chuma kinagonga chuma na wewe unakisikia kiganjani.

Hatua ya 1: Endesha, usifungue kitu

Toka alfajiri kabla tuktuk hazijajaa barabarani. Ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, weka gia ya tatu na upandishe injini taratibu hadi mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika, kisha achia mafuta. Mlio wa liva hutoka hapo, mwembamba kama kijiko ndani ya gilasi ya chai.

Sasa gusa kirungu, kile kichwa cha liva unachoshika, kwa kidole kimoja. Mlio ukikatika, ugonjwa uko kwenye liva yenyewe. Usipokatika, bonyeza plastiki ya konsoli, lile sanduku la katikati ya viti, kwa goti: ikinyamaza, ni skrubu au klipu iliyolegea, na umeokoa pesa zako. Kama gari linalia kwenye matuta tu, ruka hadi hatua ya 5. Na kabla ya yote hayo, kaza kirungu. Utashangaa.

Hatua ya 2: Mtihani wa klachi

Simamisha gari, weka nyutro, injini ikiwa inanguruma polepole. Sikiliza mguu ukiwa nje ya klachi, halafu kanyaga. Sauti ikipotea ukikanyaga, inatoka ndani ya giaboksi, kwa sababu shafti ya kuingilia imeacha kuzunguka. Sauti ikianza ukikanyaga, shuku rilisi beringi, ile beringi inayosukuma klachi ukikanyaga. Isipobadilika, endelea.

Hatua ya 3: Pima mchezo wa liva

Zima injini, ingiza gia ya tatu, tikisa liva. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikiyumba huku na huku bila kukutana na ukinzani, kibushi kimekwisha. Kisha ishike na uivute juu: ikipanda na kushuka, kikombe cha plastiki kinachoshika tufe la liva kimelika, au springi yake ya mawimbi imechoka. Watu wengi husahau kuvuta juu, wanabadilisha kibushi peke yake na kelele inabaki palepale.

Hatua ya 4: Fungua kutoka juu

Kazi hii inafanyika ukiwa umekaa kwenye kiti, bila jeki. Rudisha nyutro. Fungua kirungu kwa kukizungusha kinyume cha saa, toa konsoli, halafu mpira wa juu. Hapo simama upulize mchanga wote. Sisi wa huku tunaegesha uani penye mchanga, na msimu wa kusi upepo unauingiza kila mahali. Ukidondoka kisimani utasaga kibushi kipya upesi.

Tazama mpira wa chini. Kama konsoli ilikuwa inachoma mguu au ndani kunanuka oili, utaukuta umepasuka. Ubadilishe, usiubandike gundi. Kisha fungua bolti tatu za bamba la liva, inyanyue liva yote, na uzibe tundu kwa kitambaa safi.

Nyonya oili ya zamani kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa. Nyingi huwa nyeusi, na nyingine zimekauka kabisa. Vaa liva kibushi kipya na kikombe kipya, kisha jaza kisima kwa oili ya gia ya 75W-90, kama mililita 80 hadi 90. Tafuta yenye alama GL-4, maana baadhi ya viungo vya salfa kwenye GL-5 vinaweza kuila shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazolinganisha kasi ya gia zinapoingia.

Spea ikikosekana, wachonga vyuma watakwambia wakuchongee kibushi cha shaba. Kitadumu, sikatai, lakini shaba inapitisha mtetemo wa injini hadi mkononi. Mimi humwambia mteja angoje cha nailoni.

Hatua ya 5: Uvunguni

Hapa lazima gari liinuliwe juu ya stendi, na mchanga haubebi stendi: weka ubao mpana chini yake, na vyuma vya kutu uvipulizie dawa tangu jana yake. Ekzosi ikiwa imepoa, gonga vibati vya kuzuia joto kwa ngumi. Kilicholegea kitajitaja chenyewe. Kagua pia fremu ndefu ya alumini inayounganisha giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma), kwa sababu bolti zake zikilegea liva hutetemeka na hata kukaa upande.

Hatua ya 6: Kama hatua ya 2 ilikuelekeza ndani

Legeza nati ya kujazia oili ya giaboksi kabla ya ile ya kumwagia. Chumvi ikiwa imeishika ya juu na umeshamwaga, gari halitoki hapo. Giaboksi ya gia tano huchukua lita 2; ikitoka pungufu, jaza na usikilize tena kabla ya kuamua lolote. Pitisha sumaku kwenye oili iliyotoka. Vumbi laini la chuma ni la umri. Chenga za dhahabu zisizoshikwa na sumaku ni sinkronaiza zinazolika, na bado unaweza kuendesha huku ukitafuta spea. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi: usiwashe tena, shusha giaboksi.