Kilomita za gari lako na ada ya bima: hesabu za Dar es Salaam

Ushauri wa bima ulioandikwa Marekani au Uingereza husema upunguze maili ili ada ishuke. Kule fomu huuliza utaendesha maili ngapi kwa mwaka, na zipo bima za kulipia kila maili. Dar hatukati bima hivyo. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayolipa hasara za watu wengine tu, ni Sh 100,000 na VAT ya asilimia 18, jumla Sh 118,000, liwe linashinda getini Masaki au linatoka Bunju kwenda Posta kila asubuhi. Bima kubwa, inayolipa na gari lako pia, kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha VAT. Kilomita hazimo kwenye hesabu hiyo, ila huingia kwa kupitia uani.

Kwanza zijue zako. Usikisie. Fungua boneti, tafuta kadi ya oili aliyoining'iniza fundi, ulinganishe na ya nyuma yake. Kama Machi ilisoma 148,300 na Septemba 154,900, umetembea 6,600 kwa miezi sita, yaani kama 13,200 kwa mwaka.

Kilomita zinauma zaidi kwenye thamani. Gari lililotembea sana bei yake sokoni hushuka, lakini wengi wakihuisha bima hurudia thamani ya mwaka jana. Ukiandika milioni 15, ada ni Sh 525,000, na VAT Sh 94,500: jumla Sh 619,500. Kama gari hilo sasa linauzika milioni 12, jumla inayostahili, pamoja na VAT, ni Sh 495,600. Hiyo tofauti ya Sh 123,900 unaitoa bure, maana gari likiibiwa au likiharibika kabisa, kwa kawaida unalipwa bei ya soko ya siku hiyo, si ile uliyoandika. Kwa hiyo kabla ya kuhuisha, ulizia bei ya magari ya mwaka na kilomita kama zako, au lipeleke kwa mthamini.

Usishushe kupita kiasi pia. Baadhi ya mikataba ina kipengele cha uwiano: gari la milioni 15 likikatiwa bima ya milioni 10, ukipata hasara ya milioni 3 unalipwa milioni 2, tena kabla ya kukatwa kile unachochangia mwenyewe.

Mlango wa pili ni matumizi. Kilomita zikipanda ghafla kwa sababu umeanza kubeba abiria wa kuita kwa simu, gari si la binafsi tena, hata kama ni jioni tu baada ya kazi. Mwambie wakala, ubadilishiwe daraja, ulipe zaidi. Ajali ikitokea na abiria wa kulipa yumo ndani, bima ya binafsi ina sababu tosha ya kukataa dai. Hapa ndipo watu wengi hulia, na kwa kweli ni akiba ya kijinga.

Anayetembea kidogo ananufaika kwa njia nyingine: ajali chache, hivyo punguzo la kutodai, yaani ada kushushwa kwa sababu hukudai fidia. Kabla ya kudai kioo cha pembeni kilichong'olewa na bodaboda kwenye foleni ya Mwenge, linganisha gharama ya fundi na mchango wako pamoja na punguzo utakalopoteza. Mara nyingi kulipa mwenyewe ni nafuu. Na gari kuukuu linalotoka Jumapili tu huenda halihitaji bima kubwa, ila bima ndogo ni lazima kisheria.

Safari ndefu za ndani, hata ukienda Mwanza, haziongezi ada. Ukivuka mpaka kwenda Kenya, ulizia Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambulika nje ya mpaka, kabla hujaondoka. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, uhakiki kwamba bima imesajiliwa, na uangalie kama tarehe na aina ya matumizi ni sahihi. Kisha piga picha dashibodi ikionyesha kilomita, uihifadhi pamoja na risiti.