Somo: Kukagua dawati la kale la mcheri kutoka Connecticut

Wadau, kuna aliyeuliza kuhusu dawati la Kimarekani la karne ya 18, lile lenye kifuniko cha mshazari kinachoshushwa kikawa meza ya kuandikia. Nachukua mfano wa Eliphalet Chapin (1741–1807), fundi samani wa East Windsor, mji wa jimbo la Connecticut, Marekani. Alifanya kazi Philadelphia, akarudi kwao mwaka 1771 na mitindo ya mjini, ila akaichonga kwa mcheri (mbao ya mti wa cherry) badala ya mahogani. Muuzaji atakutajia jina hilo kwanza. Wewe liache hadi mwisho.

1. Vuta nje mbao mbili nyembamba zilizo chini ya kifuniko, kulia na kushoto, ndipo ukishushe. Usipozivuta, uzito wote unabebwa na bawaba na skrubu zinang'oka na vipande vya mbao. Viraka vingi utakavyoviona hapo chanzo chake ni hicho.

2. Chomoa droo zote, zipindue. Hapa usiwe na haraka. Mbao za ndani za New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani lenye Connecticut, kwa kawaida ni msonobari mweupe. Mulika tochi kwa ubavu: randa ya mkono huacha mawimbi ambayo hata vidole vinayahisi. Ukikuta mikwaruzo iliyopinda kama upinde, huo ni msumeno wa duara, mambo ya karne ya 19. Ama ubao umebadilishwa, ama dawati zima ni la baadaye. Viungo vya mkia wa njiwa, yaani meno ya mbao yanayoshikana kwenye pembe za droo, vikikatwa kwa mkono havilingani, na mara nyingi mstari aliopimia fundi bado upo.

3. Skrubu yenye ncha kali si ya karne ya 18.

4. Kagua kama kuna matundu yaliyozibwa nyuma ya vishikio vya shaba; ni alama ya vishikio vya awali vilivyotolewa. Vishikio vilivyobadilishwa si dhambi, lakini bei izingatie hilo.

Swali: Fundi, nipige msasa na vanishi mpya?
Jibu: Usithubutu! Rangi ya mcheri imekolezwa na mwanga na miaka, ukiikwangua hairudi. Kitambaa laini kinatosha.

Swali: Ubao wa chini wa droo una ufa. Ni feki?
Jibu: Wala. Mbao husinyaa kwa upana kuliko urefu. Mimi ufa huo hunipa moyo kwamba ubao ni wa kale.

Swali: Halina sahihi. Bado naweza kusema ni la Chapin?
Jibu: Sahihi ni adimu, dada. Binamu yake wa mbali, Aaron Chapin, naye alikuwa fundi, akahamia mji wa Hartford mwaka 1783, na mafundi wa bonde la Mto Connecticut waliigana. Bila risiti au hati ya familia, sema ni la mtindo wa eneo hilo, na ulipe bei ya eneo, si bei ya jina.