Diski ikikukatalia faili zako mwenyewe: badilisha ramani ya namba, wachana na chmod 777

Hii ni ya nyinyi mnaovuka na diski ya ext4 (mpangilio wa faili wa Linux), asubuhi iko dukani Langoni jioni iko Shela, afu ikifika kule inakwambia huna ruhusa. Fleshi za FAT hazina shida hii, hazihifadhi mwenye faili kabisa.

Anza na namba. Diski haijui jina lako, imeandikwa namba tu, jina linatafutwa kwenye `/etc/passwd` ya mashine uliyokalia. Piga `id` mashine zote mbili uone namba yako, kisha `ls -ln` kwenye diski uone namba ya mwenye faili. Tuseme Langoni wewe ni 1000, Shela wewe ni 1001 na 1000 ni mtu mwengine, basi kule kerneli (kiini cha Linux) inamuona yeye ndo mwenye mali.

Sa elewa inavyokagua: wewe ndo mwenye faili? Basi inasoma ruhusa za mwenyewe na kuishia hapo hapo, hata kama wengine wote wameruhusiwa na wewe umenyimwa. Kama sio mwenyewe inaangalia kundi, kama sio kundi ndo unahesabiwa wengine. Ndo maana `chmod 777`, yaani ruhusa zote kwa wote, inaonekana kufanya kazi, lakini umefungulia kila mtu picha za familia na mahesabu ya duka, tafadhali usifanye. Na `chown -R`, ya kubadilisha mwenye faili, inaandika kwenye diski yenyewe, ukirudi Langoni shida ni ile ile.

Dawa ni kuipa mount (pale diski inapounganishwa kwenye folda) ramani yake, yaani namba ipi isomeke kama ipi. Linux inaweza tangu kerneli 5.12 ya 2021, cheki `uname -r`. Mount diski kwanza kwenye `/root/diski`, nasema `/root` makusudi, ni folda ya root (msimamizi wa mashine) na wengine hawaingii, maana ile mount ya kwanza haina ramani na yule 1000 wa Shela angepita hapo bila kuulizwa. Kisha tumia programu ya mount-idmapped:

`sudo mount-idmapped --map-mount b:1000:1001:1 /root/diski /mnt/yangu`

b ni mtumiaji na kundi pamoja, 1000 ya kwenye diski, 1001 yako, na 1 ni idadi ya namba zinazopangwa. `ls -ln /mnt/yangu` sasa ionyeshe 1001, na faili utakayounda itaandikwa 1000 kwenye diski, Langoni itafunguka kama kawaida.

Ukiona 65534 au nobody, namba ya faili hiyo haimo kwenye ramani. Na usiunde faili humo kwa sudo, maana hapo unakuwa root, namba 0: 0 hatukuipanga, kerneli itakataa na kosa la EOVERFLOW, hata kwa root.