Unalipwa chini ya kima cha chini? Anza na daftari kabla hujaanza kudai

Mdogo wangu, kama umeanza kazi na unahisi unachopewa hakifiki kima cha chini cha mshahara, usikimbilie kugombana na bosi na wala usiache kazi kwa hasira. Anza na daftari. Mimi kazi yangu ya kwanza nilikaa karibu mwaka mzima naambiwa "wewe bado unajifunza", siku nakuja kudai nikakuta sina hata karatasi moja inayoonyesha niliingia saa ngapi nikatoka saa ngapi, nikabaki na mdomo tu. Iliniuma sana na sitaki ikukute.

Kwahiyo leo leo andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, mapumziko dakika ngapi. Fanya kila siku, usisubiri wikiendi ukaanza kukisia. Siku ya malipo andika kiasi, njia uliyolipwa na nani kakupa. Kama ni keshi mkononi, mtumie bosi meseji ya kistaarabu: "Asante bosi, nimepokea kiasi fulani cha mwezi huu." Akijibu hata "poa" tayari hapo una ushahidi wenye tarehe. Na zile meseji za "kesho wahi mapema" usifute, tena kopi uziweke kwenye simu yako mwenyewe, sio ya kazini, maana siku ukitolewa kila kitu kinabaki huko.

Halafu tafuta kiwango chako. Hapa ndo wengi wanapotea, kwa sababu nchi nyingi hazina kima kimoja cha watu wote, kuna cha sekta, kuna cha eneo, na nchi kama Uingereza na Uholanzi zina viwango vidogo zaidi vya vijana kulingana na umri. Usibebe namba ya rafiki yako, tafuta tangazo la serikali lenyewe linalotumika sasa hivi, uangalie ni la saa, la siku au la mwezi.

Sasa piga hesabu. Tuseme kima cha mwezi kimewekwa kwa saa 8 kwa siku, siku 26, yaani saa 208. Bosi anakupa kima hicho chote, unaona mambo safi. Ila daftari linasema unaingia saa 1 asubuhi unatoka saa 1 usiku, ukitoa saa moja ya kula zinabaki 11, mara siku 26 ni saa 286. Gawanya 208 kwa 286: kila saa yako inalipwa kama asilimia 73 tu ya inavyotakiwa, na hapo hata overtaimu hatujaigusa. Wizi wa mshahara mara nyingi unajificha kwenye masaa, sio kwenye ile namba ya kwenye mkataba.

Angalia na makato. Sare, chombo kilichovunjika, keshi iliyopungua, vyote hivyo bosi hawezi kukata anavyojisikia, mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 95 wa 1949 kwa nchi zilizouridhia unaruhusu tu makato yaliyowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au uamuzi wa msuluhishi. Na kama ulishasaini pesa ndogo usijione umejifunga, mkataba namba 131 wa 1970 unazitaka nchi zilizouridhia zikipe kima cha chini nguvu ya sheria, kisishushwe. Hilo la "unajifunza" nalo, muombe karatasi ya mafunzo. Kama hakuna karatasi, hakuna anayekufundisha, na unafanya kazi ileile ya wenzako, basi mara nyingi wewe ni mfanyakazi.

Ukiwa na hesabu mkononi ndo uongee, tena kwa maandishi: "Habari za leo bosi, nimelinganisha masaa yangu ya mwezi huu na kima cha chini naona kuna tofauti, naomba tukae tuangalie." Wengine wanarekebisha hapohapo, kweli kabisa.

Akikataa nenda chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Mwambie afisa mapema kwamba hutaki jina litajwe, mkataba wa ILO namba 81 wa 1947 kwa nchi zilizouridhia unamtaka mkaguzi wa kazi afiche chanzo cha malalamiko. Ila ukidai malimbikizo yako binafsi jina litatokea tu, kwahiyo bora muende wawili watatu wenye shida moja. Na uliza siku hiyohiyo mwisho wa kudai ni lini, maana muda ukipita haki nayo inaweza kwenda.

Kitu kingine, ukiletewa karatasi ya "nimelipwa stahiki zangu zote" usisaini palepale, omba ukaisome nyumbani. Wakikubana sana, pembeni ya sahihi andika kwa mkono wako kiasi ulichopokea kweli na tarehe, halafu piga picha kabla hujairudisha.