Kubadilisha cheni na sproketi za bodaboda

Cheni huvutika kadiri pini zake zinavyolika. Pikipiki nyingi za abiria hutumia cheni ya 428. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni 12.7 mm, kwa hiyo vipande 20 vya cheni mpya ni 254 mm. Ivute ikaze, upime. Ikizidi 259, imekwisha. Meno ya sproketi (magurudumu ya meno yanayozungushwa na cheni au kuizungusha) yaliyopinda kama ndoano au kuchongoka nayo hayafai. Badilisha vyote vitatu pamoja, yaani cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma: meno mabovu huila cheni mpya haraka, na anayebana hela ya sproketi hununua cheni mara mbili.

Kabla ya kwenda dukani hesabu meno ya mbele, meno ya nyuma na vipande vya cheni.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, fungua kava la sproketi ndogo ya mbele. Cheni ikiwa bado mahali pake, ingiza gia, kanyaga breki ya nyuma, ndipo ulegeze bolti mbili za bati linaloshika sproketi. Ukitoa cheni kwanza, shafti itakusumbua kuishika. Sasa legeza nati ya ekseli, toa kwa plaizi klipu inayofunga kiungo cha cheni, kisha tenganisha fimbo ya breki na mkono unaozuia bamba la breki, utoe gurudumu.

Nyuma, nyoosha ncha za washa zilizokunjwa, fungua nati, funga sproketi mpya ukikaza kwa kuvuka (nati moja, kisha inayoikabili), na ukunje washa tena. Hapo hapo kagua raba za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zikiwa zimelegea, cheni itapigapiga kila unapobadili gia.

Mbele, futa tope na uangalie sili ya shafti. Ikivuja, badilisha leo leo. Lile bati liingie kwenye mfereji wa shafti, ulizungushe kidogo hadi matundu yalingane na ya sproketi. Likikaa nje ya mfereji, sproketi itatoka barabarani.

Cheni mpya ikiwa ndefu, kata vipande viwili viwili, ncha zote zibaki vipande vya ndani ili kiungo cha klipu kiingie. Upande wa klipu uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea. Ukigeuzwa, jiwe au tope linaweza kuing'oa.

Kosa linaloua cheni nyingi ni kuikaza kupita kiasi. Pima katikati ya sehemu ya chini: icheze juu na chini 20 hadi 30 mm, isipokuwa kitabu cha pikipiki yako kinasema vingine. Zungusha gurudumu utafute sehemu iliyokaza zaidi, upimie hapo. Ukibeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), pikipiki inadidimia na cheni inajikaza zaidi. Isipokuwa na nafasi, beringi na sili ya sproketi ndogo ndizo zinazoumia. Alama za kwenye swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) zisikudanganye: pima kwa kamba, kushoto na kulia, kutoka bolti ya swingamu hadi ekseli.

Kaza ekseli, rudisha mkono wa breki pamoja na pini yake inayokunjwa ncha (ukisahaulika, gurudumu linaweza kujifunga ghafla), rekebisha breki, maana gurudumu limesogea. Paka oili ya gia SAE 90, futa inayozidi. Pima ulegevu tena jioni ya siku ya kwanza.